Vumbi la mninga: tulivyolidhibiti karakanani

Karakana yetu iko Tabora, na kazi kubwa ni vitanda, milango na makabati ya mninga. Wateja wanaupenda kwa rangi yake na kwa sababu mchwa hauli kirahisi. Ila vumbi lake ni kali: linawasha macho, linaziba pua, na kwa wengine linaleta pumu.

Mpwa wangu aliniambia, "Mjomba, Jumapili nahema vizuri tu. Jumatatu ikifika jioni kifua kinabana." Daktari aliposikia hivyo akauliza moja kwa moja anafanya kazi gani. Dalili zikipungua siku za mapumziko, chanzo kitafutwe kazini. Na si pumu tu. Vumbi la mbao linasababisha pia saratani ya pua.

Wengi hukimbilia barakoa. Mimi naiweka mwisho, vumbi lidhibitiwe kwanza pale linapotokea. Maranda ya randa ni mazito, yanaanguka chini. Hatari kubwa iko kwenye mashine ya msasa: unga wake ni laini mno, na jua la asubuhi likipenya kwenye tundu la bati unauona bado unaelea ilhali mashine imeshazimwa kitambo. Basi msasa tukauhamishia nje, kwenye kibanda kisicho na kuta. Fundi anasimama upepo ukimpiga ubavuni. Ukimpiga mgongoni, unamzunguka na kumrudishia vumbi usoni.

Kompresa ya kupulizia nguo na meza nikaipiga marufuku kabisa. Vijana walinung'unika, maana ni haraka, lakini inarusha hewani kila kilichokuwa kimetulia. Sasa meza tunafuta kwa kitambaa kibichi, na sakafu tunainyunyizia maji kabla ya kufagia. Nguo za kazi zinabaki karakanani, haziendi nyumbani kwa watoto.

Barakoa tunavaa za N95, zile zinazochuja hata unga laini. Kitambaa cha kawaida kinapitisha unga laini, na hata N95 haikai sawasawa usoni penye ndevu.

Mpwa nilimhamishia kwenye kupima mbao na kuunganisha, na anaendelea kuonana na daktari. Sasa anafanya kazi wiki nzima bila kifua kubana. Kilichobaki ni nakshi za vitanda, ambazo bado tunazipiga msasa kwa mkono, uso ukiwa karibu kabisa na mbao. Kwa hizo nataka tutengeneze meza yenye matundu, feni ikifyonza vumbi kutoka chini.