Cheni Fupi ya Kalenga

"Mjomba, mbona cheni hii ina jino la dhahabu?"

Mpwa wangu alikuwa amepanda juu ya ndoo kuifikia, pale inaponing'inia kwenye msumari wa stoo. Nikamwambia hilo si jino, ni loki, kiungo cha kuungia cheni, na cheni yenyewe ni ya baiskeli ya mama yake, mdogo wangu. Akauliza tena: mbona fupi? Hapo jibu likaanza kurefuka, naye akashuka akaenda zake kucheza. Basi nawaandikia ninyi mlio na subira.

Ilikuwa Julai, mwezi ambao asubuhi ya Iringa hukufisha vidole ganzi juu ya breki. Njia ni ileile yetu: Isimila kwanza, kwenye korongo la zana za mawe za kale, Tosamaganga, kushuka Kalenga, kisha kurudi mjini. Isimila baiskeli tuliziacha getini tukaingia korongoni kwa miguu. Mchanga wa kule chini ni mwepesi, tairi ya mbele huzama na usukani hujipinda wenyewe. Isitoshe, zile shoka za mawe walizochimbua mwanaakiolojia Clark Howell na wenzake mwaka 1957 na 1958 hazikuchongwa zije kukanyagwa na tairi. Zile nguzo za udongo mnazijua, picha zake ziko kila mahali, nazipita.

Tairi zilikuwa za inchi 2.2, upepo psi 25 mbele na 28 nyuma, bila tyubu, ndani kuna maji ya kuziba pancha. Mbigili za pembezoni mwa mashamba hazimwachi mwenye tyubu afike mbali, na akifika, atakuwa amemaliza viraka vyote. Kiangazi ndicho kipindi cha bonde lile. Masika ule udongo mwekundu hujikaza kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma, na mtu anajikuta amebeba baiskeli pamoja na sehemu ya shamba la wenyewe.

Tosamaganga tulipita upesi, maji ya kunywa na salamu tu. Kwenye mteremko wa baada ya hapo mdogo wangu alikuwa mbele, kama kawaida yake. Njia ilikuwa imefunikwa majani na vijiti vikavu vya mikaratusi. Nikasikia mlio, si wa kuvunjika bali wa kusagwa, kisha gurudumu lake la nyuma likajifunga na kuburuta mita kadhaa. Hakuanguka. Alishuka, akainama, akasema neno ambalo mama asingependa kulisikia.

Kilichotokea ni hiki. Gurudumu la mbele lilirusha kijiti, kikadumbukia kwenye vigurudumu viwili vidogo vya kibadili gia cha nyuma. Yeye bado anakanyaga, cheni bado inavuta. Kijiti kikakataa kupita, na kibadili gia chote kikavutwa juu na kuingizwa ndani ya spoku. Kile kipande cha alumini kinachokishikilia kwenye fremu, ambacho sisi tunakiita sikio, kikakatika. Na ndivyo kilivyotengenezwa. Ni laini kwa makusudi, kivunjike chenyewe ili fremu ipone. Sikio la akiba lilikuwamo mfukoni, lakini lingesaidia nini? Mkono wa kibadili gia ulikuwa umekunjika, na spoku mbili kati ya 32 zimekatika upande wa kaseti, lile fungu la sproketi (vigurudumu vya meno) la nyuma.

Tukaisukuma hadi Kalenga. Fundi alikuwa chini ya mparachichi, karibu na njia ya kwenda makumbusho, amepindua baiskeli ya Phoenix ya mtu anaijaza gololi.

"Kamwene, baba."

"Kamwene. Poleni na safari." Akafuta mikono, akaizunguka baiskeli ya mdogo wangu mara moja bila kuigusa. "Mwanangu, hii imejinyonga."

Tulianza na gurudumu. Spoku za kulia zikikatika, za kushoto hubaki zikivuta peke yake na rimu huhamia kushoto. Mzee alizichomoa zile mbili zilizokatika ili zisije zikapiga fremu, akalegeza za kushoto zilizo jirani nusu mzunguko, akakaza za kulia zilizobaki robo mzunguko, akazungusha, akatazama, akarudia. Hakuwa na kipimo ila kidole gumba alichokitegesha kwenye fremu. Bado liliyumba kidogo. Breki zingekuwa za kubana rimu tungehangaika zaidi, ila hizi ni za diski, na rimu iliyumba pasipo kugusa kitu.

Kazi ilikuwa cheni. Kibadili gia kikitoka, cheni inabaki ndefu mno, kwa hiyo unaikata na kuizungusha moja kwa moja kutoka sproketi ya mbele hadi sproketi moja ya nyuma: gia moja basi. Kwenye Phoenix hilo halina mjadala. Ekseli inakaa kwenye mfereji, unalegeza nati, unavuta gurudumu nyuma mpaka cheni inakaza. Hizi zetu ekseli inakaa mahali pamoja tu. Unachoweza kubadilisha ni sproketi ya nyuma, na hesabu yake ni kavu. Cheni zote hizi, ya Phoenix na yetu, pini hadi pini ni nusu inchi, lakini huwezi kuipunguza chini ya inchi nzima, kwa sababu kiungo chembamba lazima kikutane na kipana. Nako nyuma, kila jino moja likiongezeka, cheni inahitaji nyongeza ya robo inchi. Kwa hiyo sproketi inayofaa unaikuta kwa bahati tu, na kaseti yake katikati ilikuwa na ya meno 19 kisha ya 21. Ya 20 haipo.

Kwenye 21 ncha mbili za cheni hazikukutana. Pengo ni kama milimita 6. Kwenye 19 zilikutana, na cheni ikaning'inia vidole viwili. Mtu atasema vidole viwili si kitu. Ni kitu. Kaseti za siku hizi zina ngazi ndogondogo ubavuni, zimechongwa ili cheni ipande kirahisi. Ukikanyaga kwa nguvu na cheni imelegea, itajipandia kwenye 21, ambako urefu hautoshi, na hapo ama inakatika ama inajifunga huku wewe uko mlimani.

Mzee aliinua kipande cha cheni ya Phoenix akakilinganisha na yetu. Urefu sawasawa, upana tofauti; yake haiingii kati ya sproketi za kaseti ya gia 11. Akakitupa kwenye kopo. Kisha akakaa kimya, ameshika sehemu ya chini ya cheni yetu kwa vidole viwili, anaivuta chini, anaiachia, anaivuta. Nadhani hapo ndipo alipoiona njia. "Juu ndiko kunakovuta," alisema. "Chini inarudi tu, haina kazi. Basi tuisukume huku chini."

Akaingia ndani, akatoka na kipande cha mpini wa jembe uliovunjika, urefu wa kiganja. Akakikata ubavu mmoja uwe bapa. Ubavu wa pili akachonga mfereji kwa kisu, polepole, akipitisha cheni ndani yake kila baada ya kuchonga mara kadhaa. Mfereji ukiwa mpana, cheni itatangatanga na kupanda 21. Ukiwa mwembamba, itasaga mbao na kuzuia pedali. Alipofika kina alichokitaka akalichovya lile gogo kwenye oili chafu ya injini, akaliacha limo.

Wakati linanywa oili, mdogo wangu akaenda makumbusho kulitazama fuvu la Mkwawa, mtemi wa Wahehe. Mimi nikabaki na mzee. Huwezi kukaa Kalenga bila kuambiwa: vita vya Lugalo Agosti 1891, Zelewski, kamanda wa Wajerumani, anauawa, Oktoba 1894 Wajerumani wanarudi na mizinga, ngome inaanguka, 1898 Mkwawa anajipiga risasi asikamatwe, kichwa kinachukuliwa Ujerumani. Mzee aliyapita haya haraka, kama mtu anayetaja watoto wa jirani. Alichokikawilia ni 1954, gavana Twining alipolirudisha fuvu. Yeye alikuwa kijana wa kuchunga, akaja na wenzake. Nikauliza aliona nini. "Watu," alisema. "Watu na vumbi. Fuvu sikuliona siku ile. Mimi nilikuwa natazama magari, jinsi walivyokuwa wanafungua tairi moja ya gari iliyopata pancha." Akacheka, kisha akaacha kucheka, akalitoa gogo kwenye oili.

Tulilifunga chini ya mkono wa nyuma wa fremu, kuelekea kaseti, kwa vipande vya tyubu vilivyovutwa sana na kuzungushwa mara nyingi. Mpira una faida yake hapo. Ukifunga kwa waya, gogo halitoi nafasi cheni inaporuka, na waya unakula rangi ya fremu. Kuunga cheni nikatumia loki ya dhahabu, ya gia 11. Pini ya zamani ya cheni nyembamba hairudishwi, maana ukiisukuma kutoka, kichwa chake hukatika, na hata ikirudi haishiki. Nikaziweka ncha juu, karibu na sproketi ya mbele, nikashika breki ya nyuma, nikakanyaga pedali kwa nguvu mara moja. Ikalia tak. Mzee akaniomba niilize tena. Haiwezekani, nilimwambia, ikishaingia imeingia. Alisikitika kidogo.

Akauliza kama loki ile inaingia kwenye Phoenix. Haiingii. Pesa aliikataa mara mbili, ya tatu akachukua. Kibadili gia kilichokufa alikiomba kwa ajili ya springi yake, na sijui aliifungia nini.

Kurudi mjini ni kama kilomita 15, sehemu kubwa ni kupanda. Sproketi ya mbele ya meno 32 na ya nyuma ya 19 ni gia ya tambarare. Penye mwinuko mkali mdogo wangu alisukuma, sambamba na vijana wenye Phoenix waliobeba matenga ya nyanya, nao wanasukuma. Aliongea nao njia nzima. Mimi, mwenye gia 11, nilikuwa mbele peke yangu, nawasubiri kila kona. Tulipofika, mfereji ulikuwa umelika karibu nusu sentimita, lakini cheni haikuwa imeruka.

Kibadili gia kipya kilichelewa sana kufika. Kwa muda wote ule aliendesha gia moja, akibadilisha gogo kila lilipolika, na kilipofungwa alilalamika kwamba baiskeli imekuwa na kelele. Siku hizi mimi nabeba masikio mawili chini ya kiti, spoku nne nimezifunga kwenye fremu kwa utepe, na loki mbili. Yeye anabeba loki na kipande cha mpini. Tumeshabishana sana juu ya hilo, hasa kwenye ule mteremko wa mikaratusi, ambao sasa anakubali kuushuka nyuma yangu, mita ishirini, vijiti vyote nivikanyage mimi kwanza.