Mnada wa Besiboli, kwa Sisi Tuliokulia FPL

Wabongo wengi huku Marekani tulikuja na FPL kwenye simu, ule mchezo wa kuunda timu yako ya kubuni kwa wachezaji halisi wa Ligi Kuu ya England, na wanachofanya uwanjani ndicho kinachokupa pointi. Wikiendi ikikaribia bado tunabishana WhatsApp nani apewe ukapteni. Wenzangu kazini hapa Denver walipoona ninavyokesha na takwimu, wakaniingiza kwenye ligi yao ya kubuni ya namna hiyohiyo, ila ya besiboli, wakidhani kwangu itakuwa mteremko.

Si mteremko. Kwenye FPL, Haaland anaweza kuwa wangu, wako na wa shemeji yako wa Kahama, wote kwa wakati mmoja. Huku mchezaji ana mwenyewe mmoja tu, na anapatikana kwa mnada. Ndiyo maana kila Machi, kabla msimu haujaanza, watu wazima wenye familia wanajifungia na makaratasi.

Ligi yetu ina timu 12. Kila timu inapewa dola 260 za mchezo na lazima inunue wachezaji 23: wapigaji 14, warushaji 9. Jina likitajwa, mnapandishiana bei mpaka abaki mmoja. Kila nafasi iliyo wazi lazima uiachie angalau dola moja, kwa hiyo hata ukipandwa na wazimu, mchezaji wa kwanza huwezi kumpa zaidi ya 238. Aliyewahi kwenda mnada wa ng'ombe ataelewa: anayejua bei hababaishwi na pembe.

Bei ndiyo kazi yote. Mimi naandika yangu pembeni ya kila jina, halafu nakagua vipengele vyetu kumi vya alama, vitano vya wapigaji na vitano vya warushaji. Timu inayoongoza kipengele inapata 12, ya mkiani inapata 1. Ukijaza watu wa kupiga mpira nje ya uzio lakini hakuna anayekimbia, kipengele cha kuiba vituo, yaani mkimbiaji kukiwahi kituo kinachofuata bila kusubiri mpira upigwe, kinakuzika. Hapo ndipo wengi wanapoliwa, maana bei zao za kichwani zimepitwa na wakati. Mwaka 2023, kwenye ligi kuu halisi ya Marekani, vituo viliongezwa upana kutoka inchi 15 hadi 18, na mrushaji akawekewa kikomo cha kumtishia mkimbiaji kwa kurusha mpira kituoni. Wizi ukaruka kutoka 2,486 msimu wa 2022 hadi 3,503. Ronald Acuña Jr. peke yake aliiba 73. Kitu kikishajaa sokoni, mwizi wa vituo 20 hana thamani aliyokuwa nayo zamani, ila kuna wenzangu bado wanamlipia vilevile. Sitawaambia.

Warushaji siwapi hela nyingi. Mikono yao inakatika. Upasuaji wa kiwiko unaoitwa Tommy John, kwa jina la mrushaji wa kwanza kufanyiwa mwaka 1974, unamweka mtu nje mwaka mzima au zaidi. Na warushaji wa timu ya hapa nyumbani, Rockies, siwagusi hata kwa dola moja. Denver iko juu karibu kama Mbeya, mita 1,600 hivi. Hewa ni nyepesi, mpira unapaa, na mrushaji anaadhibiwa kwa kosa la jiografia. Wapigaji wao ni hadithi nyingine, mradi ukumbuke kwamba nusu ya mechi wanacheza ugenini.

Kilichobaki ni kuwasoma watu, na hapa mswahili hafundishwi. Kuna jamaa wa stoo ambaye hawezi kumwachia mtu mchezaji wa Yankees, timu ya New York. Kuna dada wa uhasibu, mpole kweli, anayekaa kimya saa nzima huku hela yake haijaguswa. Wengine wakifilisika anaanza kuokota wazuri kwa dola tatu tatu. Huyo ndiye ninayemhofia.

Ujanja ni kwamba anayetaja jina si lazima alitake. Mnada ni Jumapili, na zamu ya kwanza ni yangu. Nitamtaja Aaron Judge, mpigaji nyota wa Yankees. Simtaki kwa bei atakayofika. Nataka hela ya jamaa wa stoo iondoke mapema, kabla hatujafika kwa wale ninaowataka mimi.