Shimba Hills, Kazi Iko Kurudi

Ilikuwa Agosti, kusi bado inavuma, ami akatutoa Mombasa na giza. Feri ya Likoni, matatu ya Kwale kupitia Kombani, na mapema tukawa langoni mwa hifadhi ya wanyama ya Shimba Hills. Mle ndani huzururi kwa miguu peke yako, ndovu ni wengi. Tulikodi Probox Kwale mjini itufikishe mwanzo wa njia, na askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, akatutangulia na bunduki yake.

Kwanza alilikataa shati jeusi la binamu yangu. Mbung'o wa kule huvutwa na nyeusi na buluu, na huuma hata juu ya kitambaa. Binamu akavishwa khaki ya ami, ikamfika karibu na magoti.

Hadi maporomoko ya Sheldrick ni kama kilomita 2, karibu zote mteremko, na hapo ndipo wengi hujichosha kwa kukimbia. Mchanga mlegevu umelala juu ya udongo mgumu. Raba iliyolika soli haishiki. Dawa yake hatua fupi, mguu umeukalisha upande, magoti yamelegea.

"Mzee, polepole," askari akamwambia ami. "Kazi iko kurudi."

Katikati ya njia palikuwa na kinyesi cha ndovu. Askari alikipasua kwa ncha ya buti, akasogeza kiganja: juu kimepoa, ndani bado moto. Akachota vumbi, akaliachia. Likapeperuka nyuma yetu, yaani harufu yetu haiwafikii walio mbele, na ndovu aliyeshtukizwa ni hatari kuliko aliyekunusa kitambo. Tukasimama kimya hadi matawi yalipoacha kuvunjika.

Maporomoko yenyewe ni mazuri, zaidi ya mita 20, maji baridi. Hatukukaa sana.

Kila mtu alibeba lita moja na nusu, na nusu yake ilitakiwa isiguswe mpaka wakati wa kupanda. Ami alikwenda kwa mtindo wake: hatua mia, pumzi, funda mbili. Binamu aliyemaliza chupa kule chini akaanza kumwita ami kwa heshima isiyo ya kawaida.

Juu, mawingu ya asubuhi yalifunguka karibu saa nne. Bahari yote ikaonekana upande wa Diani, na mstari mweupe wa mawimbi yakivunjikia mwambani. Upande wa pili palahala dume, swala mkubwa, mweusi, pembe zimepinda nyuma, anakula majani bila habari na sisi. Kenya nzima, palahala wa porini wako hapa tu.

Tulipofika Kwale, matatu ya Likoni ilikuwa inatafuta abiria watatu.