Si upo tu nyumbani: Jumamosi moja na vipande vyangu vya limau, Tanga

Kabla sijaanza niseme hili la jina maana lishaniletea balaa. Wapishi wa mitandaoni vitu hivi wanaviita lemoni baa. Nami mwanzo nikaandika hivyohivyo kwenye status, "nauza lemoni baa, karibuni wote", haikupita nusu saa baba mdogo kanipigia kutoka Pangani, sauti imemkauka, "mwanangu, ni kweli umefungua baa?" Tangu siku ile mie nauza vipande. Vipande vya limau, vya chungwa na asumini, vya waridi. Kwa asiyevijua: chini kuna tabaka la biskuti ya siagi, juu kuna rojo zito la mayai, sukari na juisi ya limau lililookwa likagandana, afu unakata mraba mraba. Ndo hivyo tu. Ndo hivyo tu lakini ngoja.

Naandika kwa sababu wiki iliyopita wifi yangu kaniambia mbele ya watu, "wewe una raha, si upo tu nyumbani". Sikumjibu. Jibu langu ni hili, Jumamosi iliyopita, oda ya vipande 72, trei tatu, za singo ya bibi harusi (ile siku ya kumsugua manukato kabla ya harusi), kuchukuliwa saa kumi jioni.

Saa kumi na moja alfajiri

Siwashi oveni kwanza, nafungua kopo la sukari. Jana yake magharibi nilichuma matumba ya asumini kwenye ua wa jirani (malipo yake vipande viwili kila Jumamosi, na akivikosa hununa mpaka Jumatano), nayachuma yangali yamefumba kwa sababu asumini hufunguka usiku na hapo ndipo harufu yote inapotoka, ukingoja uchume asubuhi umechuma ua lililokwisha kunukia zamani. Nayapanga na sukari tabaka kwa tabaka, nafunika, nalala. Alfajiri nakaa na kopo mapajani natoa ua moja moja. Yamenywea, yamekuwa ya kahawia pembezoni, yote natupa. Sukari ndo imebaki na kazi. Imeshikana kidogo kwa unyevu na ukiisogeza puani inanukia kama shingo ya bibi harusi aliyevaa kikuba. Maua 60 hivi kwa sukari ya trei moja. Hiyo saa nzima haimo kwenye bei, na mtu akiniuliza sukari ni kiasi gani dukani natabasamu tu.

Saa kumi na mbili

Unga, siagi, sukari ya unga, chumvi kidogo, kuvuruga kwa ncha za vidole mpaka iwe kama chenga, kubonyeza kwenye trei. Hapa lazima niwahi kabla ya jua maana joto la Tanga siagi haliisamehi, ikifika saa tatu siagi imeshakuwa mafuta na biskuti inatoka ngumu kama kigae.

Saa moja hadi saa nne na nusu (iliyotakiwa kuwa saa tatu na nusu)

Malimau 12, machungwa manne, ndimu tatu. Nakwaruza ganda kwanza ndo nakamua, na nakwaruza ile rangi ya juu tu, ukifika kwenye nyeupe umetia uchungu. Ganda nalisugua na sukari kwa mkono mpaka sukari iloane mafuta yake. Kama una kijikato kidoleni utakijua leo.

Machungwa yangu ni ya Muheza na ni ya kijani. Wateja wageni wakiona picha wananiambia dada hayo mbona mabichi. Si mabichi jamani, huku kwetu usiku hakuna baridi ya kuitoa ile rangi ya kijani kwenye ganda, ndani limeiva na sukari imejaa. Na hiyo sukari ndo shida yake, chungwa peke yake halina ukali, ukilipika hivi ladha inapoa, linakuwa kama uji wa mgonjwa, ndo maana naliongezea ndimu. Na juisi siigusishi na sufuria ya alumini hata kwa dakika moja. Trei yangu ya kwanza kabisa niliyouza mtu aliniambia ina ladha ya sarafu, nikakasirika, nikaonja, kweli, kama umelamba shilingi.

Biskuti inaingia kwanza, nyuzi 180, dakika 20 mpaka pembeni iwe na rangi ya mchanga, inatoka, na rojo linamwagwa juu IKIWA YA MOTO, ikipoa havishikani, ukikata tabaka la juu linateleza kama mkeka. Afu napunguza moto hadi 160, dakika 25. Oveni yangu inaingiza trei moja moja. Namna ya kujua imeiva ni kuigonga ubavuni: pembeni imetulia, katikati inatetemeka kidogo kama maziwa mgando. Ikitetemeka kama maji bado. Isipotetemeka kabisa umechelewa, umepika mayai.

Katikati ya haya mama mkwe kaniita nimpokelee mtu wa gesi, wifi huyohuyo kaleta mtoto "dakika kumi tu" nikawa naye saa moja na robo, na fundi wa bomba la jirani akataka ufunguo wa geti. Wote neno lao moja, mnalijua.

Trei ya waridi ilitoka mwisho. Maji ya waridi sitii mapema, harufu yake inaruka na moto, natia vijiko viwili vya chai rojo likiwa tayari kwenda kwenye trei. Yawe yale ya kula, si yale ya kupaka uso. (Niliwahi kujaribu na choya, ile rozela, pia, nikapunguza limau nikidhani choya yenyewe ni kali inatosha, ikatoka rangi ya saruji. Tanga saruji tunayo ya kutosha, sikuiuza.)

Baada ya hapo

Unangoja. Hii ndo sehemu watu hawaielewi. Masaa mawili mezani, afu matatu mpaka manne kwenye friji, na hakuna njia ya mkato. Hufanyi kitu lakini huwezi kutoka, unafukuza nzi, unafukuza watoto, unamkataza kila mtu kufungua friji. Trei mbili za kwanza zilishaingia. Ya waridi ilikuwa bado mezani, nimeifunika kawa, saa saba kasorobo, nami ndo nimekaa chini nyonga ziachie, nasikia bajaji getini.

Hodi.

Mwenye oda. Mama mtu mzima, baibui jeusi, mkoba mkubwa, jasho linamtiririka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimepita tu, nikasema si upo nyumbani, nichukue zangu mapema."

Nikamwambia mama tulisema saa kumi. Akasema saa kumi ilikuwa ya kwenye simu. Nikamwambia vimeiva ila havijapoa. Akaniangalia kama nimemtukana. "Kwani vinaliwa na barafu? Vitapoa njiani, bajaji ina upepo." Nikamweleza kwamba vikikatwa sasa vitamwagika, ile ya juu ni mayai na limau inahitaji baridi ili ishikane, nikaeleza vizuri kabisa kama mwalimu, akasema "haya kata hicho kimoja tuone". Nikamwambia kitaharibika. "Kata."

Nikakata. Nikatumia kisu kizuri, nikakichovya maji ya moto, nikafanya yote ya kufanywa ili asije kusema nimefanya makusudi. Nikanyanyua kona ya trei ya waridi na rojo lote likajilaza pembeni, polepole, likadondokea mezani. Biskuti ikabaki mkononi mwangu imevaa kamba mbili tatu za njano.

Kimya.

"Sasa hii ndo nimelipia advansi elfu thelathini na sita?"

Wallahi nilitaka kucheka na kulia. Nikasema ndiyo mama, hii ndo saa saba yake, ya saa kumi ni nyingine. Akakaa. Hakuondoka, alikaa. Akavua viatu, akaomba maji, akaomba feni igeuzwe, akapiga simu ukumbi mzima unasikia (ukumbi wenyewe ni sebule yangu), "niko hapa kwa huyu mtoto wa keki, hajamaliza". Hajamaliza! Nje bajaji inapiga honi. Akatoka kuongea na dereva, akarudi akaniambia bajaji inadai pesa ya kungoja, tutagawana. Nikamuuliza tutagawana mimi na nani mama. Akasema "basi tuyaache". Afu akaanza bei, kipande elfu moja, kidogo hivi, dukani kwa elfu moja unapata mandazi ngapi wewe, yeye kijana wake angeweza kununua keki nzima ya ghorofa. Nikawa naosha vyombo namgeuzia mgongo, najibu "ndiyo mama", "ni kweli mama", kwa sababu mtu mzima humjibu, unasugua sufuria kwa nguvu zaidi.

Halafu kukawa kimya tena nikageuka. Kile kikona kilichoanguka alikuwa anakila kwa kijiko, kutoka mezani, kwenye sahani hakikufika.

"Hii imenukia maulidi," akasema.

Nikamwambia ni waridi mama, uliagiza mwenyewe. Akatikisa kichwa. Akala kingine. Akasema, sasa kwa sauti ya chini kabisa ambayo sikuitegemea, kwamba mara ya mwisho kusikia harufu hii karibu hivi ni siku walipomnyunyizia marehemu mumewe maji ya waridi kwa mrashi kabla hajatolewa nyumbani, na kwamba tangu hapo kwenye maulidi mrashi ukifika kwake yeye hufunika uso na kitambaa. Nikashindwa niseme nini, nikasema pole mama. Nikamuuliza hii trei niibadilishe, nina malimau bado. Nilikuwa nauliza kwa heshima tu, moyoni naomba akatae maana ni saa saba na nusu na sina mayai. Akafikiri. Akafuta kijiko kwa ulimi.

"Iache. Ila punguza bei."

Basi hapo nikajua tumerudi kwetu.

Kukata

Sijui ilikuwa saa ngapi tulipoanza kukata, kumi kasoro nadhani, nilishaacha kuangalia saa, nilikuwa naangalia jicho lake linaloangalia saa. Kisu maji ya moto, futa, kata, futa. Kila mkato unafuta, usipofuta kisu kinaburuta rojo juu ya mwenzake na mraba unakuwa na ndevu. Mistari mitatu huku, mitano huku, vipande 24, mara tatu. Pembeni ni lazima zikatwe maana zimekauka, hizo ndo wanazopigania watoto. Trei ya waridi niliyoimega kona nikalazimika kuipanga upya ili hesabu itimie, nikaazima vipande viwili vya jirani (kanuna, mpaka leo). Sukari ya unga nyunyiza dakika ya mwisho kabisa, na unyevu wa Tanga ukinyunyiza mapema inayeyuka yote inakuwa kama vipande vimelia.

Aliposimama kwenda akalipa elfu thelathini. Nikamwambia mama bado sita. "Nitakutumia nikifika." Masanduku matatu mapajani, bajaji ikaondoka polepole, nami nikasimama getini nikiangalia kila tuta kama mwanangu yumo ndani.

Hesabu yake nikaifanya nimelala chini sakafuni mgongo unyooke, mtoto ananikanyaga. Siagi 14,000, mayai 18 ni 7,200, sukari 4,500, malimau na wenzake 3,600, masanduku 3,000, unga 2,000, umeme 1,800, waridi 1,000. Jumla 37,100. Nimeingiza 66,000. Kimebaki 28,900 kwa masaa 12, elfu mbili na mia nne hivi kwa saa, ukitoa ile elfu sita iliyopanda bajaji. Na kesho yake nilikuwa na oda ndogo ya chungwa, kwa hiyo magharibi nikainuka tena na bakuli kwenda kuchuma, jirani yuko mlangoni amekunja mikono ananiangalia, hasemi kitu.

Nipo kwenye ule ua, tochi ya simu mdomoni, ujumbe ukaingia.

"Mwanangu vya waridi vimeisha mwanzo, watu hata hawakugusa vya limau. Jumamosi ijayo kuna wageni nataka trei mbili waridi tupu. Nitapita saa nane hivi, si upo?"

Nikamjibu: "Nipo mama. Naomba kwanza ile elfu sita."

Tiki mbili za buluu. Leo Alhamisi.