Kampuni Iliyonidhamini Dubai

Mwaka 2018 mwajiri wangu alifunga duka lake la vipuri vya magari huko Deira, Dubai, na viza yangu ya kazi ilipofutwa nilibakiwa na siku 30 ambazo sheria ya wakati ule iliruhusu, ama niondoke nchini ama nipate ukaazi kwa njia nyingine. Wateja wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa walikuwa wameshanizoea, wakiniagiza injini na giaboksi zilizotumika, na sikuwa tayari kuwaachia wengine kazi niliyoijenga kwa jasho langu. Nikaamua kufungua kampuni, ili hiyo ndiyo inidhamini.

Katika maeneo huru ya biashara mgeni aliweza kumiliki kampuni yote peke yake, lakini leseni ya huko isingenipa duka la mjini, nami nilitaka mteja aingie akague kifaa kwa mkono wake. Leseni ya mjini nayo, kabla sheria haijabadilishwa mwaka 2021, ilitaka asilimia 51 ya hisa iwe ya raia wa nchi ile. Hapo ndipo wengi wetu tulipoogopa, na hofu hiyo ilikuwa ya haki kabisa, kwa sababu mbele ya sheria mwenye hisa nyingi ndiye mwenye kauli, hata kama mtaji wote umetoka mfukoni mwako.

Mzee mmoja, raia wa nchi ile mwenye asili ya Unguja, aliyekuwa akipita dukani kununua vipuri vya gari lake na kuzungumza nasi Kiswahili, alikubali kuwa mshirika wangu. Nilipomwamkia na kumweleza shida yangu, alisema, "Mwanangu, unilipe ada yangu ya mwaka, na habari ya faida tuiandike ndani ya mkataba wenyewe. Maneno ya pembeni mimi siyataki." Sheria iliruhusu mgawo wa faida utofautiane na mgawo wa hisa, na kwa kauli yake hiyo sehemu kubwa ya faida iliandikwa kuwa yangu.

Mkataba ulitiwa saini mbele ya mthibitishaji wa serikali, na maandishi yaliyotegemewa yalikuwa ya Kiarabu. Mzee aliusoma kifungu kwa kifungu na kunieleza kwa Kiswahili, bila kujali foleni iliyokuwa nyuma yetu, na hakushika kalamu mpaka niliposema nimeelewa. Nimeona kampuni za wageni wenzangu zikivunjika kwa ugomvi wa washirika, na sina shaka kwamba saa ile ndiyo iliyoilinda yangu.

Baada ya hapo karatasi zilifuatana kwa utaratibu usioruka hatua: mkataba wa pango la duka ukasajiliwa Ejari, yaani daftari la serikali la mikataba ya pango, leseni ikatoka, kampuni ikapata kadi yake ya uhamiaji, na hapo tu ndipo ilipoweza kuniombea mimi viza ya ukaazi. Nililipia kubadili hadhi ya viza bila kutoka nchini, nikapimwa damu na kupigwa picha ya kifua, nikatoa alama za vidole kwa ajili ya kitambulisho. Siku 30 zilikuwa hazijaisha.

Pasipoti iliporudi ilikuwa na ukaazi wa miaka mitatu, na mahali pa mdhamini palikuwa na jina la kampuni yangu. Nililisoma jina lile mara nyingi nikiwa nimesimama pale pale. Nilijua kwamba leseni isipohuishwa kila mwaka ukaazi nao ungekosa mahali pa kushika, na kwamba nikikaa nje ya nchi zaidi ya miezi sita ungekufa. Lakini masharti hayo yalikuwa mikononi mwangu, hayakutegemea tena mwajiri kufungua au kufunga duka lake. Jioni ile nilimpigia simu kaka yangu Tanga, nikamwomba akipeleke cheti changu cha ndoa kuthibitishwa Wizara ya Mambo ya Nje na kisha ubalozini Dar es Salaam, kwa kuwa sasa niliweza kumdhamini mke wangu.