Kumbukumbu ya mradi: ruta iliyosahau kila kitu

Ijumaa, saa mbili usiku

Ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, nimeifuta mipangilio yake yote mwenyewe. Naliandika hili mwanzoni nisije nikamsingizia mtu baadaye. Nilitaka kubadilisha chaneli ya Wi-Fi tu, nikajikuta sikumbuki nenosiri la kuingilia kwenye mipangilio. Nikabahatisha manne, matano, ikanifungia. Basi nikachukua kijiti cha meno, nikabonyeza kile kitundu cha nyuma, kinachoirudisha kama ilivyotoka dukani, kwa sekunde 10. Taa zote zikazima, zikawaka kwa pamoja, nami nikajiona fundi.

Baada ya dakika mbili Wi-Fi ikarudi, ila kwa lile jina refu la kwenye stika ya chini. Simu ikaunganika, na chini ya jina ikaandika: hakuna intaneti. Sebuleni tamthilia ya mama ikaganda katikati ya ugomvi. Akaita, "Mwanangu, umeitengeneza au umeiua?"

Hapa nyumbani Tabata tuna vifaa viwili: kisanduku cha faiba kilichofungwa ukutani, ambacho ni cha mtoa huduma, na ruta yangu niliyonunua mwenyewe. Nikaanza na cha ukutani. Taa ya PON, inayoonyesha faiba imeunganika, ni kijani, imetulia. LOS, taa ya onyo, imezimika. Hiyo LOS ikiwa nyekundu inapepesa, maana yake mwanga haufiki: waya umekunjwa sana, umekatika, au kichwa chake kimelegea. Hapo hata ukikesha na ruta ni kazi bure, mpigie fundi. Yangu ilikuwa shwari, kwa hiyo ubovu uko upande wangu.

Nikaingia kwenye mipangilio kwa 192.168.0.1, anwani iliyoandikwa kwenye stika. Ukurasa wa hali ya mtandao unaonyesha anwani ya IP ya nje, namba inayoitambulisha ruta kwenye intaneti, ni 0.0.0.0. Yaani ruta imekaa inasubiri kupewa anwani, na hakuna wa kuipa. Ikifutwa, hurudi kwenye kuomba anwani moja kwa moja, wakati laini yangu inataka ruta ijitambulishe kwanza kwa jina la mtumiaji na nenosiri. Huo ndio PPPoE, utaratibu wa mwaka 1999, enzi za intaneti ya waya wa simu, na mpaka leo upo kwenye faiba za watu wengi.

Jina la mtumiaji na nenosiri vilikuwa wapi? Ndani ya ruta. Ile niliyoifuta.

Jumamosi

Nimepiga simu kwa mtoa huduma. Muziki dakika 20, kisha dada mmoja mpole akaniambia taarifa hizo hazitolewi kwa simu, ombi limepokelewa, subiri. Nikamshukuru, nikawasha hotspoti ya simu, na bando langu la wiki likaisha kabla ya adhuhuri. Mpwa wangu wa darasa la tano, anayekaa kwetu, alikuwa na sehemu yake kubwa katika msiba huo.

Mchana nikakumbuka kwamba fundi aliyetufungia laini aliwahi kunitumia picha ya karatasi kwa WhatsApp. Nikapekua mazungumzo mpaka nikaifikia: karatasi imekunjamana, mwandiko wa haraka, kivuli cha mkono juu yake. Nikachagua PPPoE, nikajaza, nikabonyeza kuunganisha. Imekataa. Nenosiri lina alama ambayo inaweza kuwa herufi l au tarakimu 1, na nyingine ama O ama sifuri. Ukihesabu, michanganyiko ni minne tu. Nikaijaribu yote minne. Yote imekataa.

Hapo ndipo nilipokaribia kufanya ujinga wa pili, kuifuta tena. Nikampigia yule fundi. "Kaka," akasema, "umejaribu harakaharaka, siyo? Zima ruta, kanywe chai, rudi baada ya dakika 10." Laini nyingine huruhusu muunganisho mmoja tu kwa jina moja. Ruta ikikatika ghafla, kule kwao muunganisho wa zamani unaweza kubaki ukining'inia, na kila unapojaribu kuingia unaonekana mtu wa pili. Huenda hata mchanganyiko wangu wa kwanza ulikuwa sahihi.

Nikaenda kunywa chai kweli. Niliporudi, mchanganyiko wa pili (l ni herufi, O ni sifuri) ulipita. Ukurasa ukaonyesha anwani inayoanza na 100. Anwani kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255 zilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya watoa huduma wanaowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Ukiipata hiyo, usihangaike kufungua milango ya ruta (port, njia za kuingilia kutoka nje) ili uone kamera yako ukiwa safarini; mlango wa kweli uko kwao. Nilipoteza wikiendi nzima mwaka juzi kabla ya kulijua hilo.

Jumapili

Intaneti ipo, lakini ina ugonjwa wa ajabu. Ujumbe wa WhatsApp unaenda, picha inazunguka tu. Kutafuta kitu Google ni sawa, ukibonyeza jibu ukurasa unabaki mweupe. Tovuti ya benki haifunguki kabisa. Mama anasema mtandao ni wa kuchagua watu.

Nilidhani ni DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba, kwa sababu kila mtu husema ni DNS. Nikabadilisha, hakuna tofauti. Nikapima kwa waya kutoka kwenye laptopu, hali ni ile ile, kwa hiyo siyo Wi-Fi. Halafu nikakumbuka kitu ambacho ningependa kisijulikane: jana, wakati najaza PPPoE, niliona sehemu ya MTU imeandikwa 1492, nikaibadilisha kuwa 1500. Kwa nini? Kwa sababu 1500 ni kubwa zaidi. Hicho ndicho kiherehere.

MTU ni ukubwa wa pakiti moja ya data. Kwenye waya wa kawaida mwisho ni baiti 1500, na PPPoE huchukua 8 kati ya hizo kwa ajili ya bahasha yake. Zinabaki 1492. Ukiidanganya ruta kwamba ina 1500, pakiti ndogo (ujumbe mfupi, neno la kutafuta) zinapita bila shida, zile zilizojaa zinafika mahali zinatupwa kimyakimya. Ni kama daladala iliyopakia mizigo juu ya paa ikitaka kupita chini ya nondo iliyowekwa kwa kimo cha basi tupu.

Nilitaka kuliona kwa macho kabla ya kurekebisha. Kwenye laptopu ya Windows nikaandika ping 8.8.8.8 -f -l 1472, amri ya kutuma pakiti kwa seva ya Google na kusubiri jibu. Hiyo -f inakataza pakiti kukatwa vipande, na 1472 ukijumlisha baiti 28 za vichwa, yaani maelezo yanayotangulia data, unapata 1500. Kimya, hakuna jibu hata moja. Nikaweka 1464, ambayo kwa vichwa ni 1492. Majibu manne, safi. Nikarudisha 1492 kwenye ruta na tovuti ya benki ikafunguka kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Hii ndiyo saa iliyonifurahisha kuliko zote katika mradi huu, ingawa niliirekebisha hitilafu niliyoitengeneza mimi.

Jumatatu jioni

Wi-Fi. Badala ya kuzunguka nyumba nikiunganisha simu moja moja, nimeipa ruta jina na nenosiri vilevile vya zamani, herufi kwa herufi. Simu zote zikarudi zenyewe, na televisheni pia. Printa ikagoma. Ya kwetu ni ya zamani, inajua mawimbi ya 2.4 GHz na ulinzi wa WPA2 tu, wakati ruta baada ya kufutwa ilianza na WPA3, ulinzi mpya zaidi, na kuunganisha mawimbi yote mawili (2.4 na 5 GHz) chini ya jina moja. Nikayatenganisha, 2.4 nikaiweka WPA2, chaneli nikachagua 11 kwa kuwa majirani wamejazana kwenye 1 na 6. Ndiyo, ile chaneli iliyoanzisha balaa lote.

Printa ikaunganika, lakini haichapi. Kumbe zamani nilikuwa nimeipa anwani ya kudumu, 192.168.10.50, na ruta sasa inagawa za 192.168.0. Wako nyumba moja, hawasalimiani. Nikairudisha ruta kwenye 192.168.10.1, nikawasha upya kila kitu, na barua ya kikoba cha mama ikachapika.

Nikaweka nenosiri jipya la mipangilio, nikazima WPS (kuunganisha kifaa kwa kubonyeza kitufe au kwa PIN), nikahifadhi nakala ya mipangilio kwenye laptopu na kwenye flashi. Taarifa za PPPoE nimeziandika kwa kalamu, l nimeichorea mkia na sifuri nimeikata mstari, kisha nikaibandika karatasi ndani ya mlango wa kabati la vyombo.

Alhamisi

Nilidhani nimemaliza. Jumatatu ile ile nilirudisha na ratiba ya watoto: vifaa vyao vikatike saa tatu usiku. Leo nimeamka kunywa maji saa tano na nusu, nikaona mwanga wa tableti chini ya shuka. Nimeingia kwenye ruta kuangalia saa. Inasoma saa za Greenwich, nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo 21:00 yake ilikuwa ikitimia huku kwetu ni saa sita ya usiku wa manane. Nimeweka GMT+3, tableti ikakatika papo hapo.

Nikamuuliza mpwa wangu kwa nini siku zote hizi hakusema.

"Mjomba, nilidhani umetuhurumia."