"-do-" za karani na XML

Chama kimoja cha msingi (ushirika wa wakulima) huku Tandahimba kimenipa flashi yenye mapokezi ya korosho ya misimu ya zamani. Mfumo mpya wanaotaka kuhamia unapokea XML tu, yaani data iliyofungwa ndani ya tagi, alama kama <kijiji>. Walichonacho ni faili za maandishi matupu. Karani wao, sasa mstaafu, alizichapa kwenye kompyuta ya DOS (mfumo wa zamani wa maandishi tu) kwa mazoea yaleyale ya taipureta: kichwa kila ukurasa, vistari, jumla ya kilo chini.

Mstari mmoja huu hapa (jina nimeweka Fulani, mzigo wa mtu si wa kuanika; "-do-" ni "kama hapo juu", hapa ni kijiji; GN ni magunia, SG ni daraja la korosho):

0147  S. H. FULANI & WANAWE  -do-  GN 3  24l,5  SG

Tazama uzito. Hiyo si 241, ni 24 na herufi "l", maana taipureta nyingi za zamani hazikuwa na kitufe cha 1. Skripti yangu, programu fupi ya lugha ya Python, inabadilisha "l" kuwa 1 na "O" kuwa sifuri, lakini kwenye safu ya kilo na ya magunia peke yake. Ukiiachia faili nzima, majina ya watu yanageuka namba za simu. Mkato nao unakuwa nukta.

"-do-" ndiyo iliyonipeleka kwa mzee karani mwenyewe. Skripti inakumbuka kijiji cha mwisho na kukirudia, sawa. Ila kama mstari wa juu umeandikwa IMEFUTWA? Baada ya shikamoo na kahawa, akaniambia: "Mwanangu, kilichofutwa ni mzigo, si kijiji. Do inamfuata aliye juu yake, hata kama kafutwa." Basi mistari iliyofutwa skripti inaisoma, haiiandiki.

Kuhusu XML yenyewe sina mengi. Msiunganishe tagi kwa kubandika maneno. Hiyo "&" ya Fulani na wanawe ikiingia tupu, kisomaji chochote kinachofuata kanuni za XML 1.0 za mwaka 1998 lazima kigome. ElementTree, maktaba inayokuja na Python, inaigeuza yenyewe:

<mpokeo namba="0147">
  <mkulima>S. H. FULANI &amp; WANAWE</mkulima>
  <kijiji>Mahuta</kijiji>
  <magunia>3</magunia>
  <kilo daraja="SG">241.5</kilo>
</mpokeo>

Mstari usioeleweka unakwenda kwenye faili ya mashaka pamoja na namba yake. Skripti haikisii kilo za mkulima.

Kijana mwenzangu alishauri tufute zile jumla za chini ya kurasa, eti ni takataka. Hapana! Hizo ndizo shahidi wangu. Skripti inajumlisha kilo za ukurasa na kulinganisha na alichoandika karani. Kurasa ambazo jumla ziligoma kulingana nimezichapa, mzee kazipitia na kalamu nyekundu. Kwingine mstari ulikuwa umerukwa. Kwingine kakubali kwamba kikokotoo chake ndicho kilichoteleza. Hizo za mwisho nimeziingiza zikiwa na jumla zote mbili, ya kwake na ya skripti, mhasibu wa chama ataamua.